Kamera Tatu, Siku Mbili za Kutembea Dar: Nibebe Ipi?

Ndugu wataalamu, habari za kazi.

Katikati ya Oktoba tunakuja Dar es Salaam kutoka Morogoro kwa treni ya SGR. Tunafika Jumamosi asubuhi, tunaondoka Jumatatu. Tuko watano: mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto wawili wa miaka 7 na 10. Jumamosi tutatembea kwa miguu maeneo ya Posta: Sanamu ya Askari, kanisa la Azania Front, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha soko la samaki la Feri, na alasiri Kariakoo. Jumapili ni Kijiji cha Makumbusho, vinyago vya Mwenge, na jioni Coco Beach.

Nina Canon EOS 700D yenye lenzi tatu: 18-55 STM, 55-250 STM na 50mm f/1.8 STM. Kaka yangu ameniahidi kuniazima Canon PowerShot G7 X Mark II, ile ndogo ya mfukoni. Na nina simu yenye kamera ya megapikseli 50. Rafiki yangu mwenye studio anasema nisihangaike kufikiri, sensa kubwa (ile sehemu ya ndani ya kamera inayonasa picha) hushinda siku zote, nibebe 700D na lenzi zote tatu. Mume wangu anasema simu inatosha, na kwamba begi la kamera nikilichoka yeye hatalishika.

Nataka vitu viwili. Kwanza, picha moja ya familia ya kukuzwa sentimita 60 kwa 40 kwa ajili ya sebule ya mama mkwe. Pili, picha za kumbukumbu za kawaida, zikiwemo za sokoni na ndani ya makanisa. Nasikia pia kwamba unyevu na chumvi ya Dar huua lenzi, nami kamera moja kati ya hizi si yangu. Nibebe ipi, na niiwekeje?

Dada wa Kihonda, Morogoro

*

Dada wa Kihonda, beba ile ndogo ya kaka yako. 700D ibaki nyumbani na lenzi zake zote, simu iwe msaidizi. Rafiki yako wa studio yuko sahihi kuhusu sensa. Alichosahau ni lenzi iliyo mbele ya hiyo sensa.

Sensa ya 700D ina milimita 22.3 kwa 14.9, eneo la milimita za mraba 332 hivi. Ya G7 X ni 13.2 kwa 8.8, yaani 116. Kubwa ni karibu mara tatu ya ndogo, na kama zote zingekuwa nyuma ya lenzi zenye uwazi sawa, yaani tundu sawa la kupitishia mwanga, mjadala ungeishia hapo. Lakini 18-55 ukiivuta hadi mwisho uwazi wake mkubwa ni f/5.6, wakati G7 X hata ukiivuta hadi mwisho inabaki f/2.8. Uwazi wa f/2.8 unapitisha mwanga mara nne ya f/5.6. Mara nne dhidi ya karibu mara tatu: kamera ndogo inaishia kukusanya mwanga mwingi kidogo kuliko kubwa. Upande wa pembe pana, f/1.8 dhidi ya f/3.5, huwa ni kama sare. Kwa vitendo ni hivi: chini ya paa la Feri, kwa kasi ya shata ya 1/125 ya sekunde, pale ambapo 18-55 iliyovutwa inakudai ISO 1600 (ISO ni wepesi wa sensa kwa mwanga, ikipanda picha inachafuka chembechembe), G7 X inaridhika na ISO 400. Ule ubora wa sensa kubwa unaoulipia kwa uzito, lenzi ya f/5.6 imeshaula wote.

Ukifunga 50mm f/1.8 mambo yanageuka. Hapo 700D inakusanya mwanga karibu mara saba ya G7 X kwa pembe ileile, na rafiki yako ana haki yake kamili. Tatizo la hiyo 50 ni nafasi. Kwenye sensa ya 700D inaona kama lenzi ya 80. Kundi lenu likisimama bega kwa bega na kubakiza nafasi kidogo kila upande, tuseme upana wa mita 3, itakubidi urudi nyuma karibu mita 7. Mtaa wa Samora Jumamosi asubuhi, mita 7 nyuma yako kuna gari. Kwa G7 X iliyofunguliwa upana wote, kundi hilohilo linaingia ukiwa mita 2 tu.

Mumeo naye tumsikilize, maana ana hoja. 700D na betri yake ni gramu 580, 18-55 ni 205, 55-250 ni 375, 50mm ni 160. Jumla ni kilo 1 na gramu 320 kabla ya begi, chaja na chupa ya maji ya watoto. G7 X ni gramu 319, vyote ndani. Uzito wenyewe si hoja kubwa kwa mtu mzima. Hoja ni kwamba ikifika saa 7 mchana Kariakoo, kamera ya kilo moja na ushee huingia kwenye begi na haitoki tena, na kila ukitaka kubadili lenzi kuna watu wanne wamesimama juani wakikusubiri, mmoja wao mama mkwe.

Simu peke yake, hapana. Megapikseli 50 kwa kawaida huunganishwa nne kwa moja, unabaki na faili ya megapikseli 12 na nusu hivi, tena ya umbo la 4:3. Kuikata ilingane na 60 kwa 40, ambayo ni 3:2, kunaondoa sehemu ya juu au ya chini, na kinachobaki ni kama nukta 170 kwa inchi. G7 X inatoa pikseli 5,472 kwa 3,648, umbo la 3:2 moja kwa moja, ambazo kwa upana wa sentimita 60 ni nukta 230 kwa inchi. Hiyo inatosha kabisa kwa picha inayotazamwa ukutani. 700D kwa taarifa yako ingekupa 219. Simu iache ifanye inachokiweza: video, picha pana za kuzungusha, na zile za kutuma kwenye kundi la familia mkiwa bado mtaani. Ina uwezo mzuri pia wa kusawazisha mbingu kali na uso ulio kivulini, kazi ambayo kwa kamera itakubidi uifanye kwa mkono. Usiizumu zaidi ya mara 2, kuanzia hapo simu nyingi zinakata na kunyoosha tu. Na usiishike mkononi kando ya barabara ukisubiri kuvuka. Wakwapuaji wa kwenye pikipiki hawahitaji sekunde mbili.

Sasa G7 X yenyewe, kwanza na mabaya yake. Haina kitundu cha kuchungulia, na jua la Dar saa 6 mchana hufanya kioo kionekane kama sahani nyeusi. Pandisha mwanga wa kioo hadi mwisho, washa mistari ya gridi, na pale ambapo huoni kitu kabisa geuka ili kivuli cha kofia yako kiangukie kioo. Betri yake, NB-13L, imepimwa picha 265 kwa chaji, na kioo kikiwa kwenye mwanga mkali utapata pungufu ya hapo. Bahati nzuri kamera hii inachajiwa kwa waya wa USB ndogo, ule wa simu za zamani, hivyo pawabanki inatosha: ichaji ikiwa imezimwa, mkiwa mnakula. Ukitaka betri ya pili, ya asili ina mAh 1,250. Ukioneshwa dukani betri ya umbo lilelile iliyoandikwa mAh 2,500, hayo ni maandishi tu.

Ubaya wa tatu ndio unaotuogopesha zaidi, kwa kuwa kamera ni ya watu. Lenzi inayotoka na kurudi huvuta hewa kila inapofanya hivyo, na hewa huja na ilichonacho: nyuzi za kitambaa cha mfukoni, vumbi, mchanga. Vumbi likifika kwenye sensa ya kamera ya namna hii, huwezi kulipuliza mwenyewe kama kwenye 700D, lazima fundi aifungue. Mchanga kwenye mapipa ya lenzi ni balaa jingine: lenzi inakwama nusu njia na kamera inakuandikia hitilafu ya lenzi. Kwa hiyo isikae mfukoni mwa suruali wala ndani ya pochi pamoja na makombo ya biskuti. Ishonee au inunulie kifuko chake. Pale Coco Beach iwashe ukiwa umeugeuzia upepo mgongo, piga picha zako, izime, irudi kifukoni. Usiiwashe na kuizima kila dakika.

Ukishakabidhiwa, kabla hata ya kufunga mizigo, piga ukuta mweupe kwa f/11 na uikuze picha hiyo kwenye kioo. Ukiona madoa ya kijivu yenye kingo hafifu, vumbi limeshaingia kabla yako, mwoneshe kaka mapema. Kwa f/4 utakayotumia safarini madoa hayo mengi hayataonekana. Kisha ingia kwenye menyu urudishe mipangilio ya awali, halafu thibitisha mambo matatu: ukubwa wa picha ni L, ubora ni RAW (faili ghafi, lisilobanwa kwa ajili ya kurekebishwa baadaye) pamoja na JPEG, na tarehe ni sahihi. Kamera za kuazima huja na mipangilio ya mwenyewe. ISO iliyoachwa kwenye 3200 baada ya harusi ya usiku inaweza kuharibu asubuhi yako nzima bila wewe kujua.

RAW na JPEG kwa pamoja hula kama megabaiti 30 kwa picha, kwa hiyo kadi ya GB 32 inabeba zaidi ya 900. Kamera zote mbili zinatumia kadi ya SD, chukua ile ya 700D. Ukinunua mpya, ijaze mafaili mpaka iseme imejaa, kisha uyafungue ya mwisho mwisho. Kadi bandia hujitangaza GB 64 huku ndani ina 8, na hukubali kupokea kila kitu, lakini kusoma ndiko kunakoishinda. Ifomati ndani ya kamera, si kwenye kompyuta.

Mpangilio wa kutembea nao: gurudumu kwenye Av (wewe unachagua uwazi, kamera inachagua kasi), f/4, ISO ijipange yenyewe isizidi 1600, kichujio cha ND, kile cha ndani kinachopunguza mwanga, kwenye otomatiki. Usifuate mazoea ya f/11 ya kamera kubwa. Kwenye sensa ndogo namna hii, ukishapita f/5.6 mwanga huanza kutawanyika kwenye tundu dogo na picha yote inalegea. ND inahitajika kwa sababu shata yake inaishia 1/2000. Mchana wa jua kali ukifungua hadi f/1.8 kwa ISO 125, kamera ingehitaji kasi ya karibu 1/10,000 ambayo haina, na bila kichujio picha inaungua nyeupe. Gurudumu la kurekebisha mwanga liko juu, upande wa kulia, linasomeka kuanzia -3 hadi +3. Hilo ndilo utakaloligusa kuliko kitufe kingine chochote safarini, jizoeshe nalo nyumbani mpaka kidole gumba kilijue.

Kuhusu unyevu: siku mbili haziui lenzi. Ukungu wa kwenye vioo huota pale lenzi inapofungiwa wiki nyingi ndani ya begi lisilopitisha hewa. Kitakachokusumbua ni umande. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 hutoa maji kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25 hivi. Kamera iliyolala kwenye chumba cha kiyoyozi cha nyuzi 21, au iliyokaa kwenye behewa la SGR, ukiitoa nje inaloa palepale, nje na pengine ndani. Dawa yake ni ndogo. Kabla ya kushuka kwenye treni, iweke kwenye mfuko wa plastiki wa kubana mdomo, toa hewa, ufunge. Ifungue baada ya dakika 20 au 30. Umande utatua juu ya mfuko badala ya lenzi. Hotelini zima kiyoyozi nusu saa kabla ya kutoka. Ukisahau na kioo kikaloa, usifute wala usiiwashe lenzi itoke. Iache ipate joto. Mfuko huohuo utakufaa mvua ikinyesha, kwani Oktoba vuli huwa imeanza kubisha hodi, na hakuna kamera kati ya tatu zako tunayoweza kukwambia inavumilia mvua.

Chumvi hutatuliwa jioni. Lowesha kitambaa laini kwa maji baridi ya kawaida, kikamue sana, pitisha kwenye mwili wa kamera, kisha kikavu. Usianze na kikavu: punje za chumvi na mchanga zikisuguliwa zinachora.

Twende mtaani. Katikati ya Oktoba jua la Dar linachomoza saa 12 na dakika chache asubuhi na kuzama saa 12 na robo jioni, na saa 6 mchana linakuwa karibu utosini kabisa. Kuanzia kama saa 4 hadi saa 9 alasiri macho ya watu yanazama kwenye vivuli vya nyusi. Watu wapige chini ya mti, au kwenye baraza, uso ukielekea palipo wazi. Pasipo na kivuli, inua flashi. Hapa kamera ndogo inaizidi ile kubwa waziwazi: shata yake iko ndani ya lenzi, flashi inakubaliana nayo hata kwenye 1/1000, wakati 700D kwa flashi yake inaishia 1/200. Simama mita 1.5 hadi 2, mbali ya hapo flashi hiyo haifiki.

Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni shaba nyeusi juu ya mbingu nyeupe. Kamera itapima mbingu na kumgeuza askari kuwa kivuli. Weka +1, vuta zumu hadi mwisho, piga ukiwa kando ya barabara. Kuingia katikati ya mzunguko wa magari kwa ajili ya picha hatukushauri, hasa na watoto. Azania Front ni kinyume chake: kuta nyeupe chini ya paa jekundu. Kuta nyeupe zikijaza fremu kamera inadhani kuna mwanga mwingi mno na kuzifanya za kijivu, na sura zenu mbele yake zinakuwa giza. Gusa uso wa mtu kwenye kioo, ongeza +0.7. Mnara ukiupiga kwa karibu huku umeinua kamera, utaonekana unaangukia nyuma. Vuka upande wa bahari, shika kamera wima, iwe sambamba na jengo, na uvumilie lami kuonekana chini. Utaikata baadaye.

Ndani ya Mtakatifu Yosefu zima flashi, na kama kuna ibada au harusi subirini nje. Fungua f/2, ISO 800. Kwa upana wote kiimarishaji cha kamera hii kinakuruhusu 1/15 kwa mkono ukiegemeza viwiko kwenye benchi. Vioo vya rangi na benchi za gizani haviingii kwenye picha moja: ukitaka vioo vya rangi, viguse kwenye kioo cha kamera uweke -1, ukitaka ukumbi gusa benchi ukubali madirisha yaungue.

Feri nenda mapema, na kama ratiba inaruhusu ianze Feri kabla ya makanisa. Asubuhi ndipo mnada umechangamka na jua bado linaingia kwa ubavu chini ya paa. Tumia f/2.8, na kwa wapaa samaki mikono yao inahitaji angalau 1/250, hivyo hamia Tv, ambapo wewe unachagua kasi, kwa picha hizo. Simama pembeni mwa meza, si mbele, maji na magamba hurukia mbele. Salimia, omba, subiri jibu. Mtu akikataa, shusha kamera asione unaendelea kuiinua pembeni. Kamera ndogo hapa inakusaidia kwa namna nyingine: ukitoa 700D yenye lenzi ndefu utaulizwa unatoka gazeti gani, na bei ya changu inaweza kupanda. Jambo moja la kuzingatia sana: Ikulu iko jirani kabisa na soko hilo. Elekeza kamera baharini na sokoni, kamwe si upande ule. Vivyo hivyo askari, vituo vya polisi na maeneo ya jeshi. Kwenye kivuko cha Kigamboni uliza kwanza kwa wahusika.

Kariakoo hatuna maneno mengi. Mkanda uzungushe kwenye kifundo cha mkono, kifuko kikae tumboni, upana wote, f/4, usisimame katikati ya njia. Jengo la soko kuu, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970, lina paa la zege la maumbo kama faneli. Linapendeza likipigwa wima kutoka chini, na ni picha moja ambayo watu wengi hupita bila kuinua shingo.

Kijiji cha Makumbusho ulizeni mlangoni utaratibu wa kupiga picha. Ndani ya zile nyumba za asili mna giza hata mchana. Mkalishe mtu hatua moja ndani ya mlango, uso ukitazama nje, wewe simama nje ukimpa mwanga njia. Ukipiga kutoka ndani kuelekea nje utapata mlango mweupe na mtu mweusi kama mkaa.

Picha ya sebuleni ipigeni Coco Beach Jumapili, na hapa wageni wengi hukosea. Wanakuja saa 12 jioni wakisubiri jua lizame baharini. Coco inatazama mashariki, jua linazama nyuma yenu, upande wa nyumba za Oysterbay. Hiyo ni neema, ukiijua: wewe unasimama kulipa jua mgongo, familia inakutazama na bahari iko nyuma yao, nyuso zote zina mwanga laini na maji yana rangi yake. Muda mzuri ni kati ya saa 10 na dakika 45 na saa 11 na nusu. Baada ya hapo vivuli vya miti na majengo huanza kufika ufukweni. Mihogo na mishikaki ije baada ya picha, si kabla, kwa sababu ya mashati ya watoto.

Usiipige kwa upana wote. Hapo kamera hii inaona kama lenzi ya 24, ambayo hunyoosha kilicho kwenye kingo, na kama mama mkwe ndiye aliye pembeni atatoka na shavu ambalo si lake, kisha mtaliangalia ukutani miaka kumi. Vuta zumu hadi 50, rudi nyuma kama mita 5, mama mkwe katikati, watoto mbele. Iweke Av, f/4, uangalie kasi isishuke chini ya 1/200 kwa sababu watoto hawatulii. Ikishuka, pandisha ISO hadi 400 bila wasiwasi. Kwa umbali huo kila mtu na bahari iliyo nyuma vitakuwa na ukali wa kutosha. Ili nawe uwemo, funga kamera kwenye kistendi kidogo cha mezani juu ya ukuta au benchi, iunganishe na simu kwa Wi-Fi kupitia programu ya Canon Camera Connect, na ubonyeze kutoka kwenye simu. Fanya majaribio ya muunganisho huo Morogoro, usiende kujifunzia Coco. Wakikunja macho kwa jua, waambie wafumbe wote, hesabu tatu, wafungue, bonyeza. Piga zisizopungua 15. Katika watu watano kuna mmoja kila mara aliyefumba.

Kaka akighairi kuiazimisha, beba 700D na 18-55 peke yake. Weka f/8 juani, ISO isizidi 3200, na chaja yake usiisahau kwa kuwa hiyo haichajiwi kwa pawabanki. 50mm itie mkobani Jumapili tu, kwa ajili ya Coco penye nafasi ya kurudi nyuma, na uifunge hotelini kabla ya kwenda, si mchangani. 55-250 hata hapo isiondoke nyumbani. Kwenye orodha yako hakuna kitu kilicho mbali kiasi hicho, labda jahazi likipita, nalo si la kubebea gramu 375 siku mbili.

Ukirudi, toa kadi kwanza, nakili mahali pawili, ndipo usafishe kamera na kuirudisha. Picha uliyoichagua irekebishe kutoka kwenye RAW kwa programu ya bure ya Canon, Digital Photo Professional, uitoe kama JPEG ya ubora wa juu, sRGB, bila kupunguza pikseli. Ipeleke studio kwa flashi diski. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na kupunguzwa, na zile nukta 230 ulizozihangaikia zinabaki njiani. Kama lazima utumie WhatsApp, iambatishe kama faili.